Kiatu cha Barafu: Kisigino Kitulie, Goti Likunjike

Mtoto akianza kujifunza kuteleza kwenye barafu na miguu yake ikalalia ndani, vifundo vikikaribia kugusana, watu wazima walio pembeni hutoa hukumu upesi: vifundo vyake ni dhaifu. Mara nyingi wanamwonea. Mvue kiatu utakuta kinampita kwa saizi moja na nusu, au ni cha plastiki nyembamba iliyofunikwa kitambaa, au kamba zimekazwa vidoleni zikaachwa zimelegea kwenye kifundo. Mguu wenyewe hauna kosa. Mtu yeyote mwenye miguu mizima anaweza kusimama juu ya bapa la chuma lenye unene wa takriban milimita 4, ilimradi kiatu kimemshika panapostahili.

Ninazungumzia viatu vya kuteleza kwa mitindo, mchezo ule wa kuruka, kuzunguka na kucheza kwa muziki. Vya mpira wa magongo wa barafuni ni habari nyingine: bapa lake ni fupi zaidi, mbele halina meno ya kukita kwenye barafu, na kiatu kimeundwa kwa mbio na migongano.

Hapo zamani bapa lilifungwa kwa mikanda chini ya kiatu cha kawaida. Jackson Haines, Mmarekani aliyehamia Ulaya katika miaka ya 1860 na kuwavutia watu wa Vienna kwa kucheza dansi juu ya barafu, ndiye anayetajwa sana kuwa alikaza bapa moja kwa moja kwenye kiatu. Toka hapo mguu, kiatu na bapa vikawa kitu kimoja. Mchezaji akielemea kidogo upande wa nje wa unyayo, makali ya nje huuma barafu na mwili mzima ukafuata mkunjo huo. Lakini mguu ukicheza ndani ya kiatu, hata kwa milimita chache, mchezaji anakuwa kama mkulima mwenye jembe lililolegea mpini: nguvu anayo, ila haifiki inakotakiwa.

Kwa hiyo kiatu kinatakiwa kufanya mambo mawili kwa pamoja. Kishike kisigino kisiinuke wala kwenda kando, na kiruhusu goti kukunjika kwenda mbele. Masharti haya yanavutana, na karibu kila ubishi unaousikia kuhusu saizi, ngozi, kamba na bei unatokana na mvutano huo.

Namba ya kiatu cha kutembelea haisaidii

Makosa huanza kabla kiatu hakijaguswa, pale mnunuzi anapotaja namba ya raba zake. Kiatu cha barafu kwa kawaida huwa na namba ndogo kuliko ya kiatu cha kutembelea, mara nyingi kwa saizi nzima au moja na nusu. Hata kanuni hiyo usiiegemee sana, kwa kuwa kila kiwanda kina kipimo chake. Edea ya Italia huandika saizi kwa milimita. Jackson ya Kanada na Riedell ya Marekani wana namba zao pamoja na herufi za upana, na herufi ya huyu haimaanishi upana uleule kwa yule. Unachoweza kuhama nacho kutoka kiwanda hadi kiwanda ni vipimo vya mguu wako.

Vipimo hivyo huchukuliwa ukiwa umesimama, uzito wote ukiwa juu ya mguu unaopimwa, kwa sababu unyayo hurefuka na kutanuka ukibeba mwili. Gusisha kisigino ukutani, mguu ukiwa juu ya karatasi, na mtu mwingine apige alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho si lazima kiwe gumba. Ukijipimia mwenyewe utainama, uzito utahama, na kipimo kitadanganya. Kisha zungusha utepe sehemu pana ya unyayo, pale vidole vinapoanzia. Pima miguu yote miwili. Ni nadra kukuta iko sawasawa. Ununuzi hufuata mguu mrefu, na ule mfupi hurekebishiwa kwa soli ya ndani. Tofauti ikiwa kubwa mno, vipo viwanda vinavyokubali kutengeneza jozi ya saizi mbili.

Urefu ukishapatikana, umbo ndilo linaloamua. Mguu wenye vidole vilivyotanuka na kisigino chembamba ni wa kawaida sana, na wenye miguu ya namna hiyo wengi hupata nafuu kwenye Jackson, ambayo inajulikana kwa upana wa mbele na nyuma inayobana. Edea hupendwa kwa wepesi, na baadhi ya viatu vyake vina kisigino kilichoinuka zaidi, jambo linalomsogeza mchezaji mbele kidogo juu ya bapa. Wengine hulizoea kwa siku chache, wengine hawalizoei kabisa. Kwa hiyo rafiki akikusifia kiatu chake, jua amekueleza habari za mguu wake. Hata sifa za bingwa wa dunia hazikuhusu sana hapa.

Unapojaribisha, vaa soksi nyembamba moja, au taiti zilezile utakazovaa barafuni. Soksi nene ni adui anayekuja kwa sura ya urafiki: hubana mzunguko wa damu, hunyonya jasho, na mwisho wa yote huleta baridi ileile uliyokuwa unaikimbia. Ingiza mguu, gonga kisigino chini ili kirudi nyuma kabisa, ndipo ufunge kamba. Ukisimama wima, vidole viguse ukuta wa mbele kidogo tu, vikiwa vimenyooka. Ukikunja magoti, vidole virudi nyuma na kuachana na ukuta huo. Halafu jaribu kuinua kisigino ndani ya kiatu. Kikiinuka hapo dukani, barafuni kitainuka zaidi, kwa sababu ngozi huachia kadiri siku zinavyokwenda.

Tazama pia uwazi uliopo kati ya safu mbili za matundu ya kamba. Unapaswa kwenda sambamba kutoka chini hadi juu, takriban sentimita 3 hadi 5. Safu zikikaribia kugusana, kiatu ni kipana kwako na hakuna mahali pa kukazia tena. Zikiachana sana karibu na vidole halafu zikasogeleana juu, mbele panakubana.

Kwa watoto, wazazi hutaka nafasi ya kukulia, nami nawaelewa: viatu hivi ni ghali na mguu wa mtoto haungoji. Nusu saizi ya ziada inavumilika. Mwambie mtoto asukume mguu mbele mpaka vidole viguse, kamba zikiwa wazi, kisha uangalie nyuma ya kisigino. Nafasi ya kupitisha penseli inatosha. Ikipita kidole kizima cha mtu mzima, rudisha kiatu hicho rafuni. Mtoto aliyevaa kiatu kikubwa hukunja vidole ili kushika chini asidondoke, na misuli ya unyayo huchoka haraka. Ndiyo maana baada ya dakika chache barafuni analia kwamba katikati ya unyayo panauma, na mzazi, kwa nia njema kabisa, huamini kiatu kinabana na kwenda kutafuta kikubwa zaidi.

Ukakamavu, panapopotea pesa

Kiatu cha barafu huundwa kwa tabaka za ngozi na povu, na siku hizi hata plastiki ngumu na nyuzi za kaboni. Tabaka zikiongezeka, au zikiwa za vitu vigumu zaidi, kiatu hukakamaa. Ukakamavu huo una kazi yake. Mchezaji anapotua kutoka kwenye mruko wa mizunguko miwili au mitatu, hutua kinyumenyume, kwa mguu mmoja, juu ya makali ya nje, na nguvu inayozidi uzito wa mwili wake mara kadhaa huingia kwenye kifundo ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Kiatu laini kikibebeshwa mzigo huo hujikunja pembeni, na kikishajikunja hakirudi.

Wauzaji hupanga viatu kwa viwango: vya wanaoanza, vya miruko ya mzunguko mmoja, miwili, mitatu. Ni mpango mzuri, ila una shimo moja kubwa: uzito wa mtu hausemwi. Mtu mzima wa kilo 80 anayejifunza miruko yake ya kwanza anaweza kuhitaji kiatu ambacho mtoto wa kilo 30 angekitumia kwa miruko ya mizunguko miwili. Watu wazima wanaoanza ndio wanaodhulumika zaidi hapa, kwani huuzwa kiatu cha anayeanza kwa kuwa wao ni wanaoanza. Baada ya miezi michache kiatu kimelala upande, na mwenyewe anaambiwa, naam, vifundo vyake ni dhaifu.

Namba za ukakamavu zinazoandikwa na viwanda nazo zina mtego wake. Zinasaidia kulinganisha kiatu na kiatu cha kiwanda kilekile. Ukizichukua kutoka kiwanda kimoja kwenda kingine ni sawa na kutokuwa nazo, kwa kuwa hakuna kipimo cha pamoja walichokubaliana.

Kosa la upande wa pili hufanywa na wazazi wenye tamaa, na pengine na makocha wenye haraka. Mtoto bado anajifunza mruko wa kwanza, ananunuliwa kiatu cha mabingwa ili akue nacho. Kiatu hicho hakikunjiki kwake. Akitaka kukunja goti, kifundo kinakataa, basi anainama kiunoni. Akiruka, anatua na mguu ulionyooka, na ule mshindo ambao kifundo na goti vilipaswa kuupunguza unapanda mpaka kwenye nyonga na mgongo. Na kwa sababu hana uzito wala nguvu ya kukilainisha kiatu, hali hiyo inaweza kudumu mpaka mguu ukue na kiatu kitupwe kikiwa bado kigumu.

Wataalamu wa mwendo wa mwili wamelihangaikia hili kwa muda. Katika Chuo Kikuu cha Delaware nchini Marekani, watafiti, James Richards akiwa mmoja wao, walibuni kiatu chenye bawaba kwenye kifundo: kinakataa kwenda kando lakini kinakunjika mbele. Jackson wakakiingiza sokoni. Kwa hesabu ya nguvu na viungo wazo lile lilikuwa zuri, ila kiatu hakikuenea, na mpaka leo wachezaji wengi wanateleza kwa umbo lilelile la kiatu kirefu cha kamba. Mimi nadhani sababu kubwa ni mazoea. Mtu aliyejifunza kutua akiegemea ulimi wa kiatu kigumu hakubali kirahisi kuondolewa egemeo lake.

Basi utajuaje kama ukakamavu unakufaa? Funga kiatu hadi juu, simama, kunja magoti. Kiatu kipya kitabisha, na ni haki yake, lakini magoti yafike angalau juu ya ncha za vidole kwa jitihada ya kawaida. Ukilazimika kuinua visigino au kuinama ndipo yafike, kiatu kimekuzidi. Kikikunjika bila upinzani wowote na ngozi ya kifundoni ikafanya makunyanzi makubwa siku hiyohiyo ya kwanza, kimepungua. Wanaocheza dansi ya barafuni wana njia yao: viatu vyao hukatwa chini zaidi nyuma ya kifundo ili mguu uweze kunyooka hadi kwenye vidole, na mkia wa bapa lao ni mfupi ili wasikanyagane.

Moto, kamba na maumivu

Viatu vingi vya sasa, ukiacha vile vya bei ya chini kabisa, vinaweza kupashwa moto na kufinyangwa kwa umbo la mguu. Fundi huviweka kwenye oveni maalumu kwa dakika chache, kwa kiwango cha joto kilichotajwa na kiwanda, kisha unavaa, unafunga kamba na kukaa kitini bila kutembea mpaka vipoe. Oveni ya jikoni isikutamanishe. Gundi na povu havina msamaha, na joto likizidi kidogo unakuwa umenunua kiatu cha pambo.

Palipobaki nundu, labda mfupa wa kifundo, kidole gumba kilichopinda au uvimbe nyuma ya kisigino, fundi hupatanua kwa chombo cha kusukuma ngozi kutokea ndani. Kuna mbinu ya zamani ambayo mafundi bado wanaitumia: paka rangi ya mdomo juu ya mfupa unaouma, vaa kiatu, vua, na alama itakuwa imebaki ndani mahali penyewe. Fundi hana haja ya kukisia.

Si kila maumivu yanamaanisha jambo baya. Mkazo uliosambaa mguu mzima, kama mguu umekumbatiwa, ni wa kiatu kipya na utapungua. Maumivu ya nukta moja, yenye kuchoma, yanayokuacha na wekundu palepale kila ukivua, hayaishi kwa uvumilivu. Hayo yapelekwe kwa fundi. Ganzi kwenye vidole karibu kila mara ni kamba. Na maumivu ya mbele ya kifundo, juu ya zile kano zinazoinua unyayo, mara nyingi hutokana na ulimi wa kiatu kuhama pembeni na kamba kuikandamiza kano. Rudisha ulimi katikati, weka kipande cha jeli ikibidi, na upunguze kukaza juu.

Kufunga kamba hufundishwa kwa dakika moja na kukosewa kwa miaka. Vidoleni kamba zishike bila kukaza, damu ipite. Pale mguu unapopinda kati ya unyayo na muundi, kaza kwa nguvu zako, kwa kuwa hapo ndipo kisigino kinaporudishwa nyuma na kufungiwa. Kwenye ndoano za juu legeza tena kidogo, goti lipate njia. Wengi hufanya kinyume, huku juu wakikaza mpaka kucha zinauma na katikati wakipita haraka. Baada ya dakika 10 barafuni toka ufunge upya, hasa kiatu kikiwa kipya.

Kukilainisha nyumbani kunasaidia: vaa na vifuniko vya bapa, simama, kunja magoti, nusu saa hivi, siku baada ya siku. Kuna wanaoshauri kuvaa soksi zilizoloweshwa maji ya moto. Mbinu hiyo ilizaliwa enzi za viatu vya ngozi tupu, nami simshauri mtu kuijaribu kwenye kiatu cha leo chenye povu na gundi.

Bapa nalo lina madai yake

Viatu vya wanaoanza huja na bapa tayari. Ukipanda ngazi, kiatu na bapa huuzwa mbalimbali, na bei ya bapa inaweza kukaribia ya kiatu. Sheffield, mji wa chuma wa Uingereza, ndio unaohusishwa na majina mawili makubwa ya mabapa, John Wilson na MK. Coronation Ace na MK Professional ni mabapa ya kati yanayojulikana kila mahali, na yote mawili yana mpindo wa mduara wenye nusu kipenyo cha futi 7. Pattern 99 na Gold Seal, ya wachezaji wa juu, yana wa futi 8, na meno ya mbele makubwa zaidi. Anayeanza hana haja ya meno makubwa. Yatamwangusha kabla hajajua yana kazi gani.

Ukigeuza bapa utaona chini yake kuna mfuo unaopita katikati na kuacha makali mawili, la ndani na la nje. Kina cha mfuo huo huamuliwa wakati wa kunoa. Wengi huanzia kwenye mduara wenye nusu kipenyo cha nusu inchi. Mfuo wa kina zaidi hushika barafu kwa nguvu, na wa kina kidogo huteleza kwa ulaini. Mtu aliyenolewa vibaya anaweza kulaumu kiatu kwa mwezi mzima.

Namna bapa linavyokazwa inahusu kiatu moja kwa moja. Fundi mzuri hukaza kwanza kwa skrubu chache kwenye matundu marefu yanayoruhusu kusogeza, na kukuambia uende ukateleze. Sukuma, inua mguu mmoja, na uache mwingine uende wenyewe kwenye mstari ulionyooka. Kiatu kikikuvuta ndani au nje kila mara, bapa lisogezwe kidogo, au kipande chembamba kiwekwe chini ya upande mmoja. Skrubu zilizobaki huingia baada ya hapo. Wenye nyayo bapa hasa wasiruke hatua hii, kwa sababu dosari wanayoibeba mwilini inaweza kusahihishwa hapa kwa kazi ya dakika chache.

Soli ya ngozi inahitaji kupakwa nta au rangi ya kuzuia maji kabla bapa halijakazwa. Maji hupenya kwenye matundu ya skrubu, ngozi ikaoza kutokea ndani, na siku moja skrubu inatoka na vumbi jeusi. Kila ukimaliza, futa bapa na soli, fungua ulimi wa kiatu, na ukiache kikauke mbali na hita.

Vilivyotumika, na siku ya kubadilisha

Kwa mtoto anayekua, kiatu kilichotumika kinaweza kuwa bora kuliko kipya cha bei rahisi. Kiweke mezani bila kukishika. Kikisimama wima, endelea kukikagua. Kikilalia upande, kimekwisha. Minya sehemu ya kifundo kwa vidole, panapaswa kupinga. Tazama ndani kama povu limebonyea kwa umbo la mguu wa mtu mwingine, kisha pima bapa: chuma cha kunolewa kilichobaki ndio umri uliosalia. Meno yaliyosagwa na mnoaji asiyejua kazi hayarudi.

Kiatu chako mwenyewe kitakuonyesha dalili zilezile, ila polepole, na ndiyo maana mwenyewe huwa wa mwisho kuziona. Miruko iliyokuwa mepesi inaanza kutua ndani, kamba zinafika mwisho, kisigino kinainuka tena. Usibadilishe wiki chache kabla ya mashindano au mtihani. Kinachosumbua ni kwamba bapa zuri huwa halijaisha kiatu kinapoisha, na watu wengi hulihamishia kwenye kiatu kipya, hivyo siku kinapokazwa kipya, cha zamani hakivaliki tena na hakuna kurudi nyuma. Mwenye uwezo wa kununua bapa la pili hubaki na jozi zote mbili kwa majuma machache, akianza mazoezi na kipya na kumalizia na cha zamani. Asiye nao achague kipindi kirefu kisicho na mashindano, na kwa siku za mwanzo arudie hatua za msingi, makali ya ndani na ya nje, mbele na nyuma, kabla ya kuruka chochote.